Mstari Mmoja Kabla Ndege Hawajarudi

Wanja mwanangu,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nimekuona leo mchana ukitafuta soksi nyumba nzima kumbe umeikalia. Nakuandikia wakati umeenda kumuaga shangazi yako, na najua hatakuachilia mpaka umalize sufuria. Kwa hivyo nina nafasi. Jua limeshuka, ndege wamelala, na kioo cha taa nimekifuta.

Mambo ya blanketi, ya kuchemsha maji, ya kutomwazima mtu sufuria, hayo sitayaandika. Shangazi yako yuko nayo saa hii, anakupakulia pamoja na githeri. Na mambo ya wanaume uliniambia nisianze. Sianzi.

Utajiuliza kwa nini mtu atakayeamka nawe alfajiri akubebee sanduku mpaka barabarani anaandika barua. Ni kwa sababu nikifungua mdomo mbele yako nitajisifu. Najijua. Nitaanza kusema binti yangu mwalimu anaenda kufundisha Githongo, mpaka dereva azime gari asikilize. Kule kwenye posho mill wameshachoka nami. Juzi yule kijana wa kusaga aliniambia, "Mama Nyaga, tumesikia. Hata mashine imesikia." Basi karatasi hainipigii makofi wala hainichoki. Labda juu yake nitasema jambo lililo zito bila kulipamba.

Na usicheke Kiswahili changu. Kimbeere kiko mdomoni, lakini kalamu yangu ilifundishwa Kiswahili, na darasa la saba hakuna aliyenishinda insha. Hakuna. Muulize baba yako, alikuwa dawati la nyuma akinakili.

Nataka tuongee juu ya yule msichana uliyemwacha juu ya mti.

Mwaka jana ulinisomea jikoni kitabu unachokiandika, nikichambua ndengu. Yule binti ambaye baba yake alikuwa mrina asali, akafa, na watu wakasema mizinga yake ichukuliwe na wajomba kwa sababu mwanamke hapandi mzingani. Naye akangoja jioni, akafunga kanga kiunoni, akapanda peke yake na mwenge wa moshi. Wanja, nilisahau ndengu. Nilikuwa nimeshika ungo lakini mikono ilikuwa kwenye tawi. Ukasoma mpaka mwenge ukaanza kuzimika, nyuki wakaanza kuamka, halafu ukakunja karatasi.

"Kisha?" nikakuuliza.

"Nimefika hapo tu, mama."

"Na yeye umwache hapo?"

"Kitabu kinataka mtu atulie. Nikipata likizo ndefu, nikae wiki nzima bila kusumbuliwa, nitakimaliza chote mara moja."

Tangu siku hiyo yuko huko juu. Wewe ulienda ukafanya mitihani ya chuo, ukarudi, ukavaa viatu vya mwalimu. Yeye bado ameshika tawi. Mimi humfikiria miguu yake. Mtu akisimama juu ya tawi muda wote huo, miguu hufa ganzi, hata akitaka kushuka hawezi. Huwa napita chini ya ile migunga ya mzee wa mizinga nikienda maji, natazama juu kabla sijajizuia.

Halafu juzi, ukifunga vitu, nikakuona umezitia zile karatasi kwenye katoni la nguo zako za shule, ukalisukuma chini ya kitanda. Ukasema, "Nitakuja kuzichukua nikishatulia." Ulikuwa unacheka. Mimi nikaketi juu ya kitanda. Maneno hayo ni yangu. Niliyasema nikiwa dunguni, nikamwambia mtu ambaye hakuishi kuyaona.

Rwamba unamkumbuka, mama yake Ireri, jirani yetu wa upande wa mto. Alipokufa ulikuwa shule ya bweni, ukapata habari mambo yameisha. Kwa hivyo mazishi unayajua kwa kusimuliwa. Habari ya wimbo huijui.

Dungu lake na dungu langu yalitazamana. Unajua jinsi baba yako hulijenga letu upya kila msimu katikati ya mawele, nguzo nne na jukwaa la fito, na mimi hupanda kabla jua halijatoka na teo yangu ya kurushia na rundo la udongo. Nisijisifu, lakini hakuna mwanamke kutoka hapa mpaka Siakago anayerusha udongo kama mimi. Nilikuwa naweza kumtoa ndege mmoja katikati ya wenzake bila suke kuguswa. Rwamba hakuwa na shabaha. Yeye alikuwa na sauti. Akipiga kelele, ndege waliondoka kwake wakaja kwangu, na hilo lilikuwa ugomvi wetu wa kila asubuhi.

"Mama Nyaga, nimekutumia wageni!"

"Wapikie huko kwako!"

Mumewe alikuwa amefunga kamba ya makopo kutoka dungu lake mpaka langu, juu ya mpaka. Yeye akivuta, makopo yanalia kwangu. Nikivuta, yanalia kwake. Ilikuwa ya ndege, lakini tuliifanya yetu.

Sasa sikiliza. Ndege wakija, huna nafasi hata ya kupangusa pua. Unapiga kelele, unarusha, unavuta. Kisha wanainuka wote pamoja kama moshi, wanazunguka kule mashamba ya watu, na kabla hawajarudi kuna nafasi ndogo. Haitoshi kushuka, haitoshi kupika, na ukilala umekwisha. Wanawake wengi huitumia kuwatukana ndege. Mimi na Rwamba tuliitia wimbo.

Ulikuwa wimbo mrefu. Hakuna mtu alikuwa amesikia wimbo mrefu hivyo. Ulianzia kule juu kwenye kanisa, ukateremka na njia mpaka mtoni, ukisimama kila boma. Rwamba anafika, mimi namjibu. Yeye anaimba, "Nimefika kwa mzee aliyejenga choo kabla ya nyumba," nami najibu, "Mpaka leo wageni huambiwa karibu, lakini si hapo." Akifika kwa wale ambao vijana wao wote walienda Nairobi, anauliza nani atamfungulia, nami nasema mbwa wa hapo anayajua majina yao yote, hubweka moja baada ya jingine. Vitu kama hivyo. Vingine vya kucheka, vingine hata sisi wenyewe tulinyamaza baada ya kuviimba. Alivuta kamba mara moja: nina mstari. Nami nikiupata wa kujibu, nilivuta: nimekusikia. Mstari mmoja, ndege wanarudi, tunafukuza. Siku nzima tunapata boma moja, au nusu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa mdomo. Wimbo haujafika hata nusu ya mteremko, mimi nilikuwa nimeshautangaza kisimani, kwenye posho mill na kwa kikundi cha akina mama. Nilisema siku ya sherehe ya mavuno watu watasahau kula. Mwenyekiti wetu akautia kwenye ratiba. Na nikishausifu hivyo mchana, nikipanda dunguni asubuhi naona ni kama umeisha. Nilikuwa nimeshakula utamu wake kabla haujapikwa. Hebu angalia hapo, mwanangu, kwa sababu mdomo huo umeurithi.

Ulikuwa mwaka wa zile kura za vyama vingi. Magari ya wagombea yalipita barabarani na vipaza sauti, ndege wakaruka bila sisi kuinua mkono. Rwamba akasema hao ndio wanasiasa wa kwanza kumsaidia maishani. Alikuwa na kikohozi. Alicheka akakohoa, akacheka tena.

Asubuhi moja ndege waliinuka, kamba ikavutwa. Nikasikiliza. Akaimba:

"Nimefika kwangu jioni, nani amesimama mlangoni?"

Alikuwa amefika boma lake mwenyewe. Njia ilikuwa imemfikisha. Hakuuimba kwa kelele kama ile mingine, aliuimba kama mtu ambaye amefika kweli, amechoka, na haoni vizuri nani yuko mlangoni. Nami sikuwa na jibu. Na badala ya kungoja ndege waende na kurudi, nikajifanya msomi.

"Wee Mama Ireri! Weka hiyo! Tunapoteza wakati na mstari mmoja mmoja. Tukimaliza kuvuna tutakaa chini siku tatu, tupike uji, tuumalize wote!"

Akakohoa. Kisha akasema, "Na hizo siku tatu huwa zinapatikana wapi? Maana mimi tangu niolewe sijawahi kukutana nazo."

"Zitapatikana! Tulia!"

"Haya, mwalimu. Nimetulia."

Hakuvuta kamba tena msimu ule.

Unajua mavuno. Ukimaliza kukata unabeba, ukimaliza kubeba unapura, ukimaliza kupura unapepeta, na ukiinua kichwa kuna ndengu. Kikohozi cha Rwamba kilishuka kifuani. Walipomtia kwenye pikapu kumpeleka hospitali Embu nilikuwepo, mimi ndiye nilimshika kichwa. Alikuwa hawezi kusema. Akatoa mkono nje ya blanketi, akauvuta hewani, hivi, akanitazama. Mimi nikadhani anasikia baridi. Nikamvutia blanketi mpaka shingoni, nikaufunika na ule mkono. Nikamwambia, "Lala, Mama Ireri." Gari likaondoka.

Ilikuwa siku nyingi baadaye, nikiwa kisimani nimeshika kamba ya ndoo, ndipo nilielewa alikuwa akivuta nini. Ndoo ilirudi chini yenyewe.

Msimu uliofuata mumewe hakulima. Shamba likabaki nyasi, lakini dungu lake hakulibomoa, na kamba hakuifungua. Nikapanda kwangu kama kawaida. Ndege wakaja, nikafukuza, wakainuka. Na katika ile nafasi ndogo nikasikia mstari wake, na kile kikohozi mwishoni. Nikasema ni kumbukumbu. Kesho yake tena. Kila ndege walipoinuka, yeye alikuwa amefika kwake jioni na haoni aliye mlangoni.

Siku moja, hakuna upepo, makopo yalilia upande wangu. Mara moja, kama alivyokuwa akivuta. Baba yako akasema ni mbuzi amegonga nguzo kule. Nilitazama kule kote. Hakukuwa na mbuzi. Mimi ni mtu wa kanisa, Wanja, na sikuambii ni yeye. Nakuambia makopo yalilia.

Nikaona dawa ni kuumaliza wimbo mara moja, nitoke kwenye deni hilo. Nikachagua siku. Nikawapeleka wadogo zako kwa shangazi yako, baba yako nikamtuma mpaka Gachoka kwa kazi ambayo haikuwepo, nikafunga mlango. Siku nzima yangu peke yangu! Ile niliyomuahidi Rwamba. Nikakaa. Nikaosha sufuria zilizokuwa safi. Nikapanga kuni kwa urefu. Nikalala kidogo, nikaamka na kichwa kinauma. Jua lilipogeuka nikaingiwa na hasira, nikaanza kutunga kama mtu anayejaza magunia mvua ikija: boma hili, boma lile, jibu lolote, twende. Mpaka jioni nikawa nimefika mtoni. Nikajisifu kwa baba yako aliporudi. Aliniuliza kazi ya Gachoka ilikuwa ipi, nikamwambia asiniharibie furaha.

Nikauimba kwenye sherehe ya mavuno, mbele ya kanisa zima, na ile gauni ya maua. Nilipomaliza, cucu Ciambuba, yule bibi mzee, unamjua ulimi wake, akasema kwa sauti, "Umeimba vizuri, tena mbio, Mama Nyaga. Sasa mbuzi wote wamerudi zizini?" Watu wakacheka. Nami nikacheka. Kucheka na watu wanaonicheka najua sana.

Lakini hilo silo linaloniamsha usiku. Kwa ile haraka yangu, boma la Rwamba nililiruka. Sikuwa na jibu, nikaruka, nikasema nani atajua. Na mumewe alikuwa ameketi benchi la pili. Akasikia jirani yake wa juu akitajwa. Akajiweka sawa, akashika kofia magotini, akangoja. Kisha akasikia jirani yake wa chini. Nilimwona akitazama huku na huku, kama mtu ambaye labda hakusikia vizuri. Akainuka polepole, akavaa kofia, akatoka. Nami nilikuwa bado naimba.

Hakuniambia kitu hata siku moja. Alinisalimia mpaka alipohamia kwa ndugu yake. Mpwa wake akapanda muguka, ule wa kutafuna, kwenye lile shamba, dungu likaliwa na mchwa, na asubuhi moja nikakuta kamba imelala chini kwenye mawele yangu na makopo yake yote.

Misimu miwili nilifukuza ndege kimya, mimi ambaye sauti yangu unaijua. Sikutaka wimbo wowote. Halafu asubuhi moja kulikuwa na baridi, nimekasirishwa na ndege, na mstari ukaja wenyewe. Haukuwa wa Rwamba, ulikuwa wa boma la juu kabisa, lile la choo, ambalo kwa haraka yangu nilikuwa nimeliharibu. Nikauimba mara moja. Ndege wakarudi. Nikapiga kelele, nikarusha udongo, nikasema basi umepotea. Walipoondoka tena nikauona bado upo, umekaa hapo tu, kama mtoto anayengoja uji.

Sikuongeza mwingine. Niliogopa. Kesho yake nikauimba tena, ndipo ukaja wa pili.

Na hivyo ndivyo nimekuwa. Napanda, naimba ule wa jana, ndege wakinipa nafasi naongeza mmoja. Siku nyingine mstari ni mbaya, nauimba hivyo hivyo mbaya, na kesho nikienda maji neno moja linajibadilisha lenyewe njiani. Siku nyingine hakuna kitu. Naimba wa jana tu, nakaa karibu nao, nashuka. Na siku ikiwa nzuri, mistari inakuja inasukumana, nilijifunza kushuka na mmoja bado mdomoni, usio na sauti. Huo ndio hunifanya nipande kesho. Nilipokuwa naimaliza yote nilikuwa naamka mtupu.

Mavuno yakiisha hakuna dungu wala ndege. Mwaka wa kwanza nikadhani wimbo umekwisha mpaka msimu mwingine. Kisha nikajikuta naimba kisimani, nikingoja zamu ya maji. Ndipo nikajua sikuwa nahitaji dungu. Nilihitaji ile nafasi ndogo, na hiyo iko kila mahali, hata kwenye foleni ya posho mill, mradi nisiijaze maneno ya kujisifu. Hapo ndipo penye kazi kwangu. Ndege walinisaidia zaidi kuliko watu, kwa sababu hawajawahi hata siku moja kuniuliza kama nimetulia.

Sasa wimbo umeteremka mpaka mtoni. Ule wa magunia niliutupa wote, huu ni mpya. Na acha nijisifu mara moja tu, umenivumilia: juzi sokoni Siakago nilimsikia mwanamke nisiyemjua, anauza kunde, anaimba ule wa choo. Nikamuuliza ni wimbo gani. Akasema, "Huujui? Wewe ni wa wapi?" Nikamwambia mimi ni mgeni, imba tena.

Boma moja tu ndilo limebaki. Nimelizunguka miaka yote hii. Nimetunga la kabla yake na la baada yake, na nikifika hapo nashuka dunguni, nasema kesho.

Basi nikirudi kwako. Huko Githongo hakuna mawele. Ni kahawa na migomba na baridi ya mlima, hata ndege wa huko nasikia ni wapole. Sijui nafasi yako ndogo itakuwa ipi. Labda kengele ikishalia na watoto hawajatulia kwenye madawati. Labda maji ya chai hayajachemka. Wewe utaijua ukiiona, kwa sababu itakuwa fupi na utaidharau. Ile likizo ndefu nayo itakuja, usidhani nakukatisha tamaa, itakuja, na itakukuta ukiosha sufuria zilizo safi.

Zile karatasi nimezitoa kwenye katoni. Nimezitia kwenye sanduku lako, juu ya nguo zote, huwezi kutoa hata kitana bila kuzigusa. Ukikasirika, kasirika ukiwa Githongo. Sikuombi umalize kitabu, na sitakuuliza umefika wapi, hata nikifa kwa kutaka kujua, na unajua nitakufa. Nakuomba kesho, kabla hujatandika kitanda cha watu huko, umsogeze yule binti mguu mmoja. Mmoja tu. Atafute tawi la chini kwa kidole. Kama hakulipata, keshokutwa atafute tena. Lakini asikae usiku mwingine akidhani hakuna anayekuja, kwa sababu hilo ndilo siwezi. Mmoja, Rwamba, aliye gizani mbele ya mlango wake, ananitosha. Wa pili juu ya mti sitaweza kumbeba.

Leo jioni ulipokuwa ukipiga pasi na kupiga mluzi, nilipanda dunguni. Mawele yana maziwa, punje bado laini, ndege ni wengi. Nilipowafukuza wakainuka wote, wakaenda juu ya ule muguka, wakageuka. Pakawa kimya. Nami kwa mara ya kwanza nikaufungulia mdomo ule mstari wake, kwa sauti, nikielekea kule. Nimefika kwangu jioni, nani amesimama mlangoni? Sauti yangu haikuwa kama yake, nilikwama katikati. Sikuwa na jibu lililotungwa. Nilingoja tu, kama tulivyokuwa tukingoja, na mkono wangu ukatafuta kamba ambayo haipo.

Yakaja maneno mawili. Nikahisi nyuma yake kuna mengine, yanasukumana, ya kumwambia kwamba nilichelewa na kwamba uji upo. Ndege walikuwa wanarudi. Nikayaimba yale mawili, nikafukuza, nikashuka.

Kesho gari lako likishapita kona nitapanda tena. Ndege wakiinuka nitajua na wewe uko na nafasi yako mahali fulani. Nasikia mbwa anabweka, umefika, na unacheka na mtu. Nafunga kwa yale maneno mawili.

Ni mimi,
mama yako.